HERUFI KUBWA SI MALI YA WAKUBWA

Ndugu wafanya kazi, na ninyi wenyeji wa Sange,

Mwezi uliopita sisi makarani na wachimbaji tuliwaandikia wakubwa wa kazi yetu barua, kuuliza habari ya masaa ya ziada yasiyolipwa. Tuliiandika kwa Kiingereza, maana wenye mali ni wageni wasiojua Kifaransa. Siku ya nane ikarudi. Jibu hamna. Kalamu nyekundu tu: kila "company" imetiwa C kubwa, na kila "Workers" imeshushwa W yake ikawa ndogo.

Wengine watacheka, watasema herufi ni wino tu. Sisi twasema sivyo.

Tulisoma kwa mapadri, sheria twazijua. Kiingereza hutia herufi kubwa mwanzo wa sentensi, na katika majina ya watu, miji, siku, miezi, mataifa na lugha. Mfaransa huandika "lundi" na "juin" kwa herufi ndogo. Mwingereza huandika "Monday" na "June". Tena huandika "I", yaani mimi, kwa herufi kubwa hata katikati ya maneno, bali "we", yaani sisi, huiacha ndogo. Hiyo ni desturi yao.

Lakini "company" na "workers" ni maneno ya kawaida, yote mawili madogo. Katika mkataba hupata herufi kubwa pale maana yake inapoelezwa ndani ya karatasi ile ile. Hapo ndipo penye hatari. "Company" imeelezwa, haki zake zimehesabiwa. "Worker" asiyeelezwa ni nani? Wa shimoni? Kibarua wa siku moja? Mwenye kulipa atajibu apendavyo.

Watu weusi wa Marekani walilijua jambo hili zamani. Walidai miaka mingi, hata mwaka 1930 gazeti la New York Times likakubali kuandika "Negro" kwa N kubwa. Mwaka 2020 shirika la habari la Associated Press likakubali B kubwa ya "Black". Hawakupewa bure.

Basi, ndugu, mtu asitie sahihi wala kidole gumba kabla ya kuuliza: neno hili lenye herufi kubwa limeelezwa wapi? Na sisi, tumeelezwa?

Barua tutaipeleka tena. Ama sote wakubwa, ama sote wadogo. Na masaa yetu yalipwe.