Barua ya Wazi kwa Bodi ya Kisiwa Chenye Geti, Pwani ya Florida

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi,

Kazi ya fundi kwenye kisiwa kisicho na daraja huanza kabla ya siku ya kazi yenyewe. Mwenye nyumba huomba kibali; ofisi hudai jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya gari na hati ya bima. Vikikubaliwa, jina hupelekwa kwa walinzi wa gati la feri. Lisipokuwepo kwenye orodha yao, gari halipandi.

Ndivyo ilivyomkuta mwandishi wa barua hii, fundi wa viyoyozi. Kibali kilitolewa siku moja kabla, na uthibitisho ukaingia kwenye simu. Asubuhi jina halikuwa kwenye orodha ya gatini. Mlinzi alionyeshwa ujumbe wa ofisi. Akajibu kwa adabu kwamba yeye hufuata karatasi yake. Ofisi ilikuwa bado imefungwa. Feri zikaondoka moja baada ya nyingine, na mteja wa mchana, upande wa bara, akaita fundi mwingine.

Fundi huyu hulipwa kwa kazi iliyokamilika, hivyo siku ile hakulipwa chochote. Mafuta ya gari yalikuwa yake, vipuri alivinunua kwa fedha yake, na saa za gatini zilikwenda bure.

Nyumba nayo haikusubiri. Karibu na bahari chumvi hula mapezi ya alumini ya mashine ya nje, na unyevunyevu huotesha utelezi kwenye bomba la kutolea maji. Bomba likiziba, maji hujaa kwenye sinia na kuvujia darini. Dari ya jikoni ya mwenye nyumba ililoa siku nzima. Kuchelewa hakufidiwi kwa haraka: pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba ya gesi ina muda wake, na kanuni za kisiwa husimamisha kazi za kelele jioni. Saa iliyopotea gatini ni ujira uliopotea.

Bodi inaombwa iwe na orodha moja, inayosomwa ofisini na gatini kwa wakati mmoja. Uthibitisho uwe na namba ambayo mlinzi analazimika kuikubali. Simu ya ofisi ipokelewe tangu feri ya kwanza ya wafanyakazi, na kosa likiwa la ofisi, ofisi ilipe ujira wa siku hiyo.

Jambo hili halimhusu fundi mmoja. Wapishi, wafua nguo na wauguzi wa wazee hupita gati hilohilo, na ujira wao hupotea vilevile. Wala si jambo jipya: kwenye Fisher Island, karibu na Miami, kisiwa ambacho hadi leo hufikiwa kwa chombo cha majini au helikopta, ardhi ilinunuliwa mwaka 1918 na Dana A. Dorsey, tajiri Mweusi wa mji huo, wakati Weusi wakizuiwa fukwe za Miami. Mwaka uliofuata aliiuza. Swali la nani avuke na kwa idhini ya nani ni la zamani kwenye pwani hii, na bodi inayolijibu kwa karatasi iliyopitwa na wakati inawadhulumu watu wanaozitunza nyumba zake.

Ujira wa siku ile bado haujalipwa. Bodi inaombwa iulipe, na ijibu kwa maandishi.