Jibu Liwe Ndani ya Kitabu
Mwaka 2007, mjini Kyoto, Mjapani Takao Kato alianzisha mchezo wa chumba cha mafumbo: watu hufungiwa ndani, wasitoke mpaka wayafumbue kwa muda uliowekwa. Siku hizi vyuo vikuu vya ng'ambo huutumia kuwavutia wanafunzi maktabani. Je, Nairobi utatufaa?

Naona mwanafunzi aliyepanga Kibera au Kawangware mara nyingi hana haja ya kuvutwa. Chumba chake ni futi kumi kwa kumi, jirani ana redio, umeme ni wa kubahatisha. Maktaba ya serikali iliyoko Kibera, au ya Chuo Kikuu cha Nairobi, huiendea kwa ajili ya meza na taa. Huingia na daftari lake, akatoka nalo. Vitabu vya rafuni havimjui.

Hapo ndipo penye kazi ya mchezo. Sisi watu wa Pwani fumbo si geni kwetu: Muyaka wa Mombasa alijibizana kwa mafumbo tangu karne ya 19. Basi na litungwe fumbo ambalo jibu lake halipatikani ila kwa kufunua kitabu. Likifumbulika kwa mbio na ujanja tu, vijana watacheka, na vumbi litabaki rafuni.

Ndugu msomaji, dini yetu ilianza kwa amri ya kusoma, si ya kukaa palipo na vitabu.