Nyika Si Ardhi Tupu

Mwezi Septemba, nyika za Kasulu na Kibondo, huku Buha, magharibi mwa Tanzania, zikiwa bado nyeusi kwa moto wa kiangazi na mvua haijanyesha, maua meupe hujitokeza juu ya majivu, yakiwa yamelala karibu kabisa na ardhi. Ukilifinya moja, linageuka buluu-nyeusi kama wino. Wataalamu wa mimea huliita Cycnium adonense. Nimeliweka kwenye jalada la toleo hili kwa makusudi, kwa sababu mjadala uliojaza barua zetu umelisahau.

Mjadala wenyewe ni wa moto. Wapo wanaotaka upigwe marufuku moja kwa moja. Wapo wanaosema mababu walichoma na nchi haikuharibika. Wote wanahesabu miti tu. Kuhusu miti, majaribio ya Ndola, Zambia, yaliyoanza mwaka 1933, yalikwishatufundisha: moto wa mapema, nyasi zikiwa na unyevu, huacha miombo isimame, moto wa mwisho wa kiangazi huimaliza. Hilo silibishii. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni hitimisho la barua nyingi, kwamba pasipo na miti ni ardhi tupu, basi ipandwe misindano na mikaratusi.

Ua hili linakanusha. Huishi miaka mingi kwa shina gumu lililojificha ardhini. Moto ukipita juu, lenyewe huchipua. Jirani zake ni vichaka visivyovuka goti, ambavyo sehemu yao kubwa imezama udongoni. Mtaalamu wa mimea Frank White, mwaka 1976, aliviita misitu ya chini ya ardhi ya Afrika. Anayesema hapo hapana kitu ametazama juu tu.

Mkulima atashtuka akisikia kuwa ua hili lina undugu na gugu la kiduha. Ni kweli: mizizi yake hushika mizizi ya nyasi na kunyonya. Lakini Uingereza watu hupanda kwa hiari mmea wa ukoo huohuo, Rhinanthus minor, ili upunguze nguvu za nyasi na maua mengine yapate nafasi malishoni. Naamini ndugu yake wa Buha anastahili kuchunguzwa kwa jicho hilohilo, kabla hajaitwa gugu.

Kisha kuna nondo. Ua jeupe lenye mrija mrefu ni karamu ya nondo wenye mikonga mirefu, na nondo wa kundi hilo ndio wanaochavusha mipapai. Watafiti Dino Martins na Steven Johnson walionyesha nchini Kenya, mwaka 2009, kwamba ukaribu wa mpapai na uoto wa asili una uzito katika uchavushaji huo. Papai la uani, basi, lina deni kwa pori.

Katika kurasa zinazofuata, makala ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyotambuliwa na Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, inafuatilia maji kwa uangalifu. Ile ya kuni kandokando ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu inaumiza, na ni lazima isomwe. Ya warina asali wa Kibondo naiombea msomaji mmoja hasa: yule anayepanga ratiba ya kuchoma.

Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Majina ya Kilatini tunayo. Sasa naomba mambo mawili. Msomaji wa Kasulu au Kibondo unayelijua ua hili kwa Kiha, tuandikie jina lake na matumizi yake. Nawe unayetafuta mahali pa kupanda miche, nenda kwanza Septemba, utembee juu ya majivu, uandike kila kinachochanua. Mche wa msindano utaupata kitaluni mwaka wowote. Shina la ua hili likishapinduliwa na trekta, sijui kitalu kitakachokuuzia jingine.