Soma Namba ya Mfuko Kabla ya Kulipa

KUTOKA UGHAIBUNI
Na Salma Mwinyikombo

Baridi inakaribia, na kaskazini mwa Italia, Austria na Ujerumani maduka ya vifaa vya ujenzi yameshaanza kupanga mlangoni mifuko ya peleti za mbao, kilo 15 kila mmoja. Ndugu zetu waliohamia huko na kupanga nyumba za zamani katika miji midogo hulikuta jiko la peleti limeshafungwa sebuleni. Jiko hawakulichagua. Peleti wanazichagua wenyewe, na kuna wanaozichagua kwa bei, au kwa picha ya msitu iliyochapwa kwenye mfuko. Nawasihi waache.

Peleti hutengenezwa kwa vumbi la msumeno na maranda ya viwanda vya mbao. Vumbi hukaushwa, husagwa, kisha hukandamizwa kupitia matundu ya chuma. Joto la mkandamizo huo hulainisha lignini, kile kitu cha asili kinachoshikamanisha nyuzi za mti, na ikipoa vumbi huwa kijiti kigumu, kwa kawaida chenye unene wa milimita 6. Ndani ya jiko, parafujo inayozungushwa na mota huangusha vijiti hivyo kidogo kidogo kwenye chungu cha moto, huku feni ikisukuma hewa. Parafujo haijui kuchagua. Chochote kilichomo mfukoni inakipeleka motoni.

Ndiyo maana kipimo ninachokitanguliza mbele ya vyote ni majivu. Ulaya ina cheti kiitwacho ENplus, kilichoanzia Ujerumani mwaka 2010, nacho huzigawa peleti katika madaraja ya A1, A2 na B. A1 hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.7 ya majivu. A2 mwisho wake ni asilimia 1.2, na B ni asilimia 2. Kwa kuzisoma tu, tofauti hizo zinaonekana ndogo. Lakini familia inayochoma tani 2 kwa msimu itazoa majivu yasiyozidi kilo 14 ikitumia A1, na yanayoweza kufika kilo 40 ikitumia B. Na kuzoa ndiyo kazi nyepesi. Magome na mchanga uliochanganyika na mbao chafu huyafanya majivu yayeyuke na kugandamana kuwa mabonge magumu, yakaziba matundu ya hewa ya chungu. Moto ukikosa hewa hufuka, kioo huwa cheusi, masizi hujaa kwenye bomba la moshi, na jiko huzima usiku watoto wamelala. Euro chache ulizookoa dukani zinaishia kwa fundi.

Kwa hiyo mtu mwenye jiko la sebuleni anunue A1. B sioni sababu ya kuiingiza nyumbani hata kwa bei ya kutupa.

Hata hivyo, herufi A1 kwenye mfuko pekee hazitoshi. Nembo halali ya ENplus huwa na namba ya utambulisho, inayoanza na herufi za nchi, kama DE kwa Ujerumani, IT kwa Italia au AT kwa Austria. Namba hiyo ni ya kampuni moja tu, na orodha ya kampuni zote iko wazi kwenye tovuti ya ENplus. Mtu mwenye simu huipata papo hapo, akiwa bado dukani. Walaghai huchapa nembo bila namba, au huazima namba ya mwingine. Ukikuta namba haipo, au ina jina la kampuni isiyohusika kabisa na mfuko ulioushika, uache palepale.

Nalisisitiza hili kwa sababu mfuko usiojulikana ulikotoka unaweza kuwa na hatari usiyoiona kwa macho. Mwaka 2009 mamlaka za Italia, zikianzia Aosta, zilikamata peleti zilizoingizwa kutoka Lithuania baada ya vipimo kuonyesha zina seziamu-137, kitu chenye mnururisho. Ukichoma mbao kama hizo, seziamu hubaki na kujilimbikiza kwenye majivu, yale yale unayoyazoa kwa mkono. Kisha mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipokata peleti za Urusi na Belarus, bei zilipanda vibaya na maduka bandia ya mtandaoni yakachukua fedha za watu bila kuwapelekea hata mfuko mmoja.

Baada ya karatasi, tumia macho na mikono. Mtu aliyekulia kwenye mkaa Dar es Salaam au Mombasa anajua kutazama chenga chini ya gunia kabla hajalipa, na ujuzi huo unafaa hapa pia. Kwa A1 ya mifuko, chenga hazitakiwi kuzidi asilimia 0.5 zinapotoka kiwandani, yaani gramu 75 kwa mfuko wa kilo 15. Njiani huongezeka kidogo. Lakini ukiugeuza mfuko ukaona unga umejaa kona zote mbili, peleti hizo zilikandamizwa vibaya au zimepata unyevu. Unyevu wa A1 hauruhusiwi kuzidi asilimia 10. Peleti nzuri hung'aa ubavuni, huvunjika kwa mlio mkavu, na ukiitumbukiza kwenye glasi ya maji huzama. Iache humo ilainike: inapaswa kurudi kuwa unga wa mbao mtupu. Vikielea vipande vya rangi au plastiki, mbao za samani zilizopakwa kemikali zimeingizwa humo.

Rangi ya peleti isikusumbue sana. Wauzaji husifu weupe, na kuna wanaoshikilia kwamba mti mgumu wa majani mapana hutoa joto zaidi. Kwa uzito ule ule, tofauti ni ndogo, na miti ya jamii ya msonobari mara nyingi hutangulia kidogo kwa sababu ya utomvu na lignini yake. Kilo moja ya A1 hutoa angalau kilowati-saa 4.6, kwa hiyo kilo 2 hukaribia lita moja ya mafuta ya kupashia nyumba joto.

Ukishapata mifuko mizuri, ihifadhi pakavu, juu ya mbao na si sakafuni, mahali penye hewa. Peleti zikiwa nyingi ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na Ulaya wapo watu waliokufa kwa kuingia tu kwenye maghala ya namna hiyo. Mtoto asitumwe humo. Sebuleni penye jiko pafungwe king'ora cha gesi hiyo, na kama mwenye nyumba hajakiweka, mwombe kwa maandishi.

Usiagize tani nzima kwa neno la jirani. Nunua kwanza mifuko miwili mitatu ya kampuni tofauti, choma kila mmoja jiko likiwa limesafishwa, ulinganishe majivu. Ukishaipata inayolifaa jiko lako, agiza ya mwaka mzima majira ya machipuko, bei zinapokuwa zimeshuka. Na muuzaji akikataa kukufungulia mfuko mmoja uutazame, nenda kwa mwingine.