Usilaumu Uso, Sogeza Taa

Toleo baada ya toleo kurasa hizi hujadili nidhamu, ufasaha wa lugha na hasara ya kupuuza masomo. Leo naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni picha zetu, hasa zile zinazopigwa kwa flashi. Maoni yangu ni haya: picha ya mtu mweusi ikiharibika, kosa si la ngozi yake, ni la mahali taa ilipowekwa. Na chama chetu kikitaka kuanza kupiga picha za maana, kisinunue kamera mpya. Kinunue flashi moja na mwavuli mweupe.

Mnakijua kile kicheko. Mwenzetu mweusi tititi anasimama mbele ya kamera, wenzake wanaanza: "Tabasamu bwana, tukuone!" Picha ikitoka, kweli yanaonekana meno na kola ya shati tu. Anacheka pamoja nao, lakini siku nyingine ya picha utamkuta amejificha mstari wa nyuma. Hilo ndilo linaloniuma. Picha ya shule hukaa miaka na miaka. Ndiyo mama yake atakayoitundika ukutani.

Je, ni nini hutokea? Kamera inayojipangia mwanga yenyewe, kama haina uwezo wa kutambua nyuso, haijui uso ni upi. Hutafuta wastani wa kila inachokiona. Shati letu jeupe na ukuta mweupe vikijaa kwenye picha, kamera hudhani mwanga umezidi, nayo hupunguza. Anayeumia ni mwenye uso. Mpiga picha naye, badala ya kuongeza mwanga kwa mkono wake, eti anatwambia sisi ndio weusi sana!

Halafu kuna flashi yenyewe. Ikikaa juu ya kamera na kumtazama mtu ana kwa ana, mwanga hutoka kwenye kidirisha kidogo kama kisanduku cha kiberiti. Taa ndogo huzaa kivuli kikali. Uso huwa bapa, kivuli cheusi kinamwandama mtu ukutani kama mwizi, na mafuta aliyojipaka asubuhi yanang'aa kwenye paji la uso kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Macho nayo huwa mekundu, kwa sababu mwanga huingia ndani ya jicho na kurudi kwenye lenzi ukiwa na rangi ya damu iliyo nyuma ya jicho.

Dawa yake si ngumu. Geuza kichwa cha flashi kiangalie dari nyeupe au ukuta mweupe wa kando. Mwanga ukigonga hapo hurudi ukiwa mpana, kana kwamba umefungua dirisha. Lakini chunga! Madarasa mengi yamepakwa rangi mbili, krimu juu na kijani au buluu chini. Ukiugongesha mwanga kwenye kijani, mtu atatoka kama mgonjwa. Na ukumbi wa mabati usio na dari hausaidii kitu.

Hapo ndipo mwavuli mweupe unapofaa. Toa flashi kwenye kamera, ifunge kwenye stendi upande mmoja, juu kidogo ya macho ya anayepigwa picha, na uiwashe kwa kile kidude cha redio. Upande wa pili, mwenzako ashike karatasi nyeupe ya manila ili irudishe mwanga kidogo penye kivuli. Mng'ao ule ule tuliouchukia sasa utakuwa laini, uchore shavu na taya. Ngozi nyeusi hupendeza ajabu chini ya taa pana.

Anayeanza asiogope tarakimu. Aweke ISO 400, tundu la lenzi f/5.6 na kasi ya shata 1/125 ya sekunde, kisha aongeze au apunguze nguvu ya flashi mpaka uso ukae sawa. Akumbuke mambo mawili tu. Kwanza, shata akiikimbiza kupita 1/200 au 1/250, kwenye kamera nyingi sehemu ya picha hutoka na pazia jeusi. Pili, flashi ikisogezwa kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaofika haubaki nusu, hubaki robo. Ndiyo sababu katika picha ya darasa zima mstari wa mbele huwa kama chokaa na ule wa nyuma kama usiku wa manane.

Msidhani haya ni malalamiko ya watoto wa shule tu. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilisambazia maabara za picha kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, ili mafundi walinganishe rangi nazo. Ngozi yake ikawa ndiyo kipimo cha ngozi zote. Kadi za Kodak zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kumbe tangu zamani mitambo ilipimwa kwa uso wa mwingine!

Wapo watakaosema, "Simu yangu inatosha, na jua ni la bure." Nakubali nusu. Kivuli cha veranda saa nne asubuhi kinashinda flashi ya mtu asiyejua. Lakini jioni ya kutuza washindi ukumbini, jua utalitoa wapi? Na ile taa ya simu ni kitone kilichokaa karibu na lenzi. Shida ni ile ile.

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Kamera njema nayo si bei. Kwa hivyo nawaomba viongozi wa chama watenge pesa kabla ya picha za toleo lijalo, na wanachama wote wafundishwe kuishika taa, wasiachiwe wawili watatu. Siku ya majaribio, aanze kupigwa picha yule aliye mweusi kuliko sisi sote, na taa ipangwe kwa uso wake, si kwa shati lake. Mwenye macho haambiwi tazama.