Kabla ya kumsuka mtoto, tazama paji la uso

Shule zinapokaribia kufunguliwa, saluni za mtaani hujaa watoto. Wa kiume wamepangwa kwenye benchi kwa kinyozi, wa kike wamekaa chini katikati ya magoti ya msusi. Katika shule nyingi za msingi za serikali hakuna mjadala, wote nywele fupi. Kazi iko kwa wadogo zaidi, wa miaka miwili hadi mitano, ambao bado wako nyumbani au chekechea. Kichwa cha huyu kina wenyewe wengi: mama, bibi, shangazi, na jirani ambaye hakuulizwa.

Mtoto wa dada yangu ana miaka minne. Alikuwa akisukwa rasta za kuongeza nywele kila baada ya wiki chache. Anakaa saa tatu, analia nusu ya muda huo, na usiku hapati upande wa kulalia. Nilimwambia dada tumpunguze tu. Mama yetu hakutaka kusikia. "Mwanangu, huyo ni mtoto wa kike. Mkimnyoa watu watamwita kaka." Dada akabaki katikati, hataki kumuudhi mama.

Kilichomaliza ubishi ni tochi ya simu. Tulimmulika pembeni ya paji la uso tukaona vipele vidogo vimefuata mstari wa nywele, na juu ya masikio nywele zimekuwa nyepesi, zimekatikakatika. Mama aliangalia, akanyamaza, kisha akasema tutafute mkasi.

Vile vipele si joto wala uchafu. Ni dalili kwamba nywele zinavutwa kwenye mashina yake. Mvuto ukiendelea, nywele za mbele na za pembeni huanza kurudi nyuma. Habari njema ni kwamba mwanzoni, ukiacha kubana, huota tena, ingawa kwa mwendo wa takriban sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo usitegemee muujiza ndani ya wiki mbili. Habari mbaya ni kwamba mvuto wa miaka mingi huacha kovu pale nywele zinapoota, na penye kovu hakuna mafuta ya duka lolote yatakayozirudisha. Wanawake wengi wanaoficha paji la uso kwa wigi walianza kubanwa wakiwa wadogo.

Sisemi kusuka kuachwe. Twende kilioni ya nywele zake mwenyewe, iliyolegea, ni msuko mzuri kabisa kwa mtoto. Mabutu pia, ila si kwa mipira ya kubania pesa, ambayo hukata nywele wakati wa kuitoa. Kipimo ni maumivu. Msusi akikwambia mpe panadol alale, kesho atazoea, amekueleza mwenyewe kwamba amebana kupita kiasi. Fumua siku hiyo hiyo, hata kama umeshalipa.

Dawa ya kunyoosha nywele kwa mtoto wa umri huu, hapana. Hata yenye picha ya mtoto anayecheka kwenye boksi ina kemikali kali inayoweza kuunguza ngozi ya kichwa, na mtoto hajui kusema mapema kwamba inawasha.

Basi umeamua kunyoa. Hapo unakutana na mapunye.

Mapunye ni fangasi wa ngozi ya kichwa, na huwapenda zaidi watoto ambao hawajabalehe. Huenezwa kwa mashine ya kunyolea, chanuo, kofia, mto, na wakati mwingine na paka au mbwa wa nyumbani. Utaona duara lenye magamba na nywele zilizokatikia karibu na ngozi, pengine na tezi zilizovimba nyuma ya shingo. Watu wengi humnyoa mtoto kipara wakidhani wamemaliza tatizo. Hawajamaliza, kwa sababu fangasi wameingia ndani ya shina la nywele, chini ya pale wembe unapofika. Kwa sababu hiyo hiyo krimu ya kupaka peke yake haitoshi. Na zile krimu za mchanganyiko zenye dawa ya kupunguza mwasho huweza kuficha ugonjwa huku ukisambaa.

Tiba yake ni dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvin, kwa wiki sita hadi nane au zaidi, dozi ikipangwa kwa uzito wa mtoto. Hunywewa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uifyonze vizuri. Wazazi wengi huacha wiki ya pili wakiona magamba yamepungua, na mapunye yanarudi. Ukiona uvimbe laini wenye usaha kichwani, usikamue, mpeleke kituo cha afya mapema, maana huo huweza kuacha upara wa kudumu.

Kwa kinyozi, usione haya kumwambia asafishe mashine mbele yako, atoe kwanza nywele zilizonasa kwenye meno, kisha apitishe spiriti. Ila kufuta mara moja kwa haraka hakuui kila kitu. Ukiweza, nunua mashine ndogo ya nyumbani. Ukishindwa, mkasi unatosha. Mwambie pia aache nywele kidogo badala ya kupiga mpaka ngozi ing'ae, kwani mashine ikikwaruza inafungua mlango wa vijidudu. Wembe wa kuchangia, usikubali kabisa.

Kwa mtoto mchanga, kama wanaonyolewa siku ya saba katika akika, anyoe mtu mzoefu, kwa wembe mpya, na asibonyeze utosi. Utosi wa mbele kwa kawaida hufunga kati ya miezi 12 na 18. Na anayekwambia kunyoa mara kwa mara kunafanya nywele ziote nyingi, msikilize kwa heshima tu. Wembe hauongezi mashina.

Mtoto mwenye ualbino ana hesabu yake. Nywele zake ni sehemu ya kinga dhidi ya jua, hivyo kipara kinaacha ngozi wazi iungue. Kama sheria ya shule ni nywele fupi, nenda uongee na mwalimu mkuu kabla ya siku ya kwanza, umwombe aachiwe nywele kiasi na aruhusiwe kuvaa kofia pana hata kwenye mstari wa asubuhi. Mafuta ya kukinga jua apake masikioni na nyuma ya shingo pia, sehemu ambazo kinyozi huziacha wazi na sisi huzisahau.