Mpira wa Matone na Mkono Unaoutandaza

Katika mitelemko ya Mlima Meru elimu ya kumwagilia si jambo geni. Waarusha na Wameru wamekuwa wakichimba mifereji tangu zama za mababu, na kule Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mabaki ya mifereji iliyojengewa mawe yanashuhudia kwamba watu waliyaongoza maji mashambani karne kadhaa zilizopita. Mfereji una sifa moja ambayo ni nadra kutajwa: kasoro yake huonekana. Ukiziba, maji hufurika njiani. Ukibomoka, jirani wa chini hupiga kelele, na watu huitana kwenda msaragambo wakautengeneze.

Mpira wa matone, ambao siku hizi hutandazwa katika bustani za mboga za Lemara na kata nyingine za Jiji la Arusha, hauna sifa hiyo. Mpira huu ni utepe mwembamba wa plastiki, ambao kuta zake mara nyingi hazizidi nusu ya milimita, nao una matundu kila baada ya sentimita 20 au 30. Tundu likiziba hakuna afurikiwaye wala alalamikaye. Mche hunyauka kimya kimya, na lawama huangukia mbegu, jua au udongo. Kwa hiyo yafaa isemwe waziwazi: si mpira uletao akiba ya maji, bali ni mkono unaoutandaza na jicho linaoupima.

Mambo huanza kuharibika mapema, wakati wa kuukunjua. Mara nyingi roli hulazwa chini na mpira ukavutwa kutoka ubavuni, nao hujisokota kama kamba. Kila penye msokoto maji hupungua. Njia iliyo sahihi ni kupitisha mti katikati ya roli, watu wawili wakashika ncha zake, na wa tatu akatembea na mwanzo wa mpira taratibu, bila kuuburuta juu ya mawe na visiki. Matundu yaelekee juu. Takataka nzito hutuama chini ya mpira. Aidha maji yanapofungwa, tundu lililolala kwenye udongo huweza kufyonza tope. Mpira usikazwe sana. Plastiki hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Mpira wa mita 30 uliokazwa mchana wa jua kali waweza kunywea kwa sentimita kadhaa usiku, ukajichomoa kwenye kiungio chake.

Baada ya hapo huja suala la mtelemko, na hapa ndipo fizikia ya darasani inapokutana na jembe. Kimo cha maji cha mita 1 huleta kanieneo ya takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya angahewa. Tuseme maji ya pipa yako mita 1 juu ya mwanzo wa mpira, na mpira umetandazwa kufuata mtelemko hadi ncha yake ikawa mita 1 chini zaidi. Msuguano ukiachwa kando, kanieneo ya nchani ni mara mbili ya ile ya mwanzoni. Kwa kuwa mtiririko wa tundu la kawaida hufuata kipeuo cha pili cha kanieneo, yaani mzizi wake wa mraba, mche wa chini hupata maji mara 1.4 ya yale apatayo mwenzake wa juu. Ndiyo maana mpira hautandazwi kuteremka, bali hukingama mtelemko, kama matuta yakingamavyo ili kuzuia mmomonyoko.

Kadhalika maji ya mito hujaa udongo nyakati za masika. Bila chujio, na bila kufungua ncha za mipira mara kwa mara ili tope litoke, bustani itakuwa na mipira lakini haitakuwa na matone.

Kipimo cha yote haya ni rahisi mno. Hufukiwa makopo matatu chini ya mpira: mwanzoni, katikati na mwishoni, kila moja chini ya tundu. Uzi hufungwa kuzunguka mpira penye kila tundu, ili tone lidondoke koponi badala ya kutambaa kando. Baada ya dakika 15 maji hupimwa. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi, kuna sababu, na sababu hiyo yapasa kutafutwa. Vivyo hivyo mwanafunzi aweza kukokotoa muda wa kumwagilia: mpira wa mita 20 wenye tundu kila sentimita 30 una matundu kama 66, kila tundu likitoa lita 1 kwa saa, pipa la lita 200 litakwisha kwa saa tatu hivi.

Wapo wasemao kwamba hayo ni mambo ya mafundi wa mashamba makubwa ya maua. Hoja hiyo haina uzito. Shamba kubwa lina mhandisi wake. Bustani ya nyuma ya nyumba haina mtu ila mtoto wa shule aliyeko nyumbani humo. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa kuwa mahali pa kujifunzia, lakini mara nyingi liligeuka mahali pa kulima tu, na pengine pa kuadhibiwa. Mipira michache, pipa moja na makopo matatu vyatosha kulirudishia shamba hilo heshima ya maabara.

Jambo hili halihusu mboga peke yake. Mto Themi, upitao mjini Arusha, huingia Kikuletwa, na Kikuletwa hupeleka maji yake bwawa la Nyumba ya Mungu na Mto Pangani, ambako wakulima wengine na mitambo ya umeme huyangojea. Anayetandaza mpira vibaya hulazimika kuacha koki wazi mchana kutwa ili mche wa mwisho upate kunywa, naye hudhani anaokoa maji. Mipira yake iliyochanika hubaki ardhini kama uchafu, katika nchi iliyokwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019.

Mababu waliulinda mfereji kwa sababu walikiona kilichoharibika. Vijana wa leo wamekabidhiwa mfereji usioonekana ndani yake. Hapana budi wafundishwe kuuona kwa kuupima.